Dod Shiach na Pipa la Bintiye

Dod Shiach hufunga mlango mara tatu. Hufunga, huvuta kitasa, huondoka, kisha hurudi kuvuta tena. Akifika langoni husimama na kujiuliza kama jiko limezimwa. Mkewe Elspet amekwisha zoea. Humngojea barabarani na mwavuli wake, akipiga soga na majirani, mpaka mume aridhike kwamba hakuna atakayeivamia nyumba yao hapa Dalmorran, mji ambao mwizi wake wa mwisho kukumbukwa alikuwa bata wa mtoni aliyeiba mkate wa mchungaji.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kondoo awachunge, atawalaza chumbani kwa kuogopa mvua. Mungu akampa kazi ya ghalani, na tangu ujana wake hajafanya nyingine. Kila siku hupita katikati ya mapipa ya wiski yaliyolala gizani, safu baada ya safu, akiyagonga kwa nyundo ya mti na kusikiliza. Pipa lililojaa hujibu kwa sauti nzito. Pipa linalovuja hulia kama tumbo la mwenye njaa. Wengine huigonga safu nzima huku wakipiga mluzi, lakini Dod hugonga kila pipa mara mbili, halafu hurudia lile la kwanza, maana huenda lilianza kuvuja wakati yeye akigonga la mwisho. Meneja humpenda kwa hilo. Mpishi wa chakula cha mchana hampendi, maana chakula hupoa kikimngoja.

Sasa ilikuwa wiki ya harusi ya Rona, mtoto wake wa pekee, na Dod alikuwa hakaliki wala halaliki.

Katika mji wetu, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda akizaliwa, pipa dogo hujazwa wiski changa siku hiyo hiyo, likaandikwa jina lake kwa chaki na kulazwa ghalani. Haliguswi. Siku anapooa au kuolewa ndipo linapofunguliwa, na mji mzima hunywa. Wiski ikiwa nzuri, wazee husema ndoa itadumu. Ikiwa imeharibika hawasemi neno, hutazamana tu, na kutazamana kwa wazee wa Dalmorran ni kubaya kuliko matusi. Mwaka ule binti wa mwokaji mikate alipoolewa, pipa lilitoa kitu chenye ladha ya siki. Yule bibi sasa yuko Kanada na mume wa tatu, na hadi leo hakuna anayemlaumu yeye wala wanaume wake. Linalaumiwa pipa.

Haliguswi, nimesema. Na Dod alikuwa amelifungua la bintiye mara zisizo na idadi.

Ilianza Rona alipougua surua. Mtoto alikuwa amewaka moto usiku kucha, na asubuhi Dod alipofika kazini hakuweza kugonga chochote. Akajikuta mbele ya pipa la mwanawe. Akagonga mbao pembeni mwa kizibo, kizibo kikachomoka, akainama akanusa. Harufu ilikuwa nzuri, ya shayiri na peasi. Akatumbukiza mrija wa shaba, akavuta tone, akaonja. Jioni alipofika nyumbani homa ilikuwa imeshuka. Basi, mtu wetu akawa kama mganga na tunguri lake. Rona akianza kupanda baiskeli, pipa hufunguliwa. Akienda kufanya mtihani, hufunguliwa. Alipohamia Aberdeen kusomea udaktari wa mifugo lilifunguliwa kila wiki, na majira ya theluji, anapoendesha gari kuja nyumbani kupitia milimani, nadhani halikufungwa kabisa. Tone tu, Dod husema. Lakini tone la kila homa na kila theluji kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano si tone tena.

Jumatatu asubuhi alikwenda karakana kumtafuta Peem Duguid, fundi mapipa, rafiki yake tangu walipokuwa wakichapwa pamoja shuleni. Peem ni mtu wa tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi, na ndiye mwenye kipimo cha kioo kinachoelea ndani ya wiski kuonyesha ukali wake. Dod alitaka kusikia kwamba kila kitu ni salama. Alikuwa akitaka kusikia hivyo tangu Rona alipovishwa pete.

Peem alipima. Akafuta kioo, akapima tena. 

"Dod, ndugu yangu, kaa kwanza."

"Nikae kwa nini? Sema tu."

"We kaa."

"Peem, mtu akiambiwa akae ujue kuna msiba. Sema!"

"Thelathini na tisa," Peem akasema. "Na hiyo tisa nimekuongezea kwa kukuonea huruma."

Dod akakaa juu ya ndoo. Alijua maana yake, kama kila mtoto wa Dalmorran anavyoijua hata kabla ya kujua Sala ya Bwana. Ukali ukishuka chini ya asilimia arobaini, kinywaji hakiruhusiwi tena kuitwa wiski. Ndivyo sheria inavyosema. Barabara zetu zina mashimo ya kufuga samaki na hakuna sheria inayoyaziba, lakini hapo kwenye arobaini serikali iko macho.

"Kama si wiski, ni nini basi?" Dod aliuliza.

"Ni maji ya mti yenye tabia nzuri." Peem alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake akaacha. "Pipa lenyewe zima, halina hata ufa. Ebu niambie ukweli, mzee. Umekuwa ukilifungua?"

Dod alitazama buti zake.

"Mara ngapi?"

"Nilikuwa nalinusa tu."

"Unalinusa! Pipa si mgonjwa, Dod, useme utalipima homa kila likikohoa. Kila ukichomoa kizibo kuna kinachotoka. Na hapo hujasema ulichokunywa."

"Tone tu."

"Haya, tone. Malaika wanachukua chao kinachopaa hewani, na wewe unachukua chako. Bi harusi amebakiwa na nini?" Peem akaweka kipimo mezani, akashusha sauti. "Sikiliza. Funika kombe mwanaharamu apite. Nani atakuja na kipimo harusini?"

"Baba yake Torquil."

Peem akakuna kichwa. Torquil, bwana harusi, ni kijana mpole asiye na neno. Baba yake ni mtu wa visiwani, amekunywa wiski ya kwao inayonukia moshi maisha yake yote, na ana pua ya mbwa wa forodha. Siku ya posa alionja wiski yetu ya Dalmorran, akatabasamu kwa adabu, akauliza kama ni ya watoto.

"Huyo atapima kwa ulimi," Peem akakubali. "Basi tuongeze humo kidogo ya pipa jingine. Hata ya dukani."

"Kwenye pipa la mtoto?"

"Aa, nimesema tu."

Alisema tu, na wote wawili walijua haiwezekani. Kuongeza wiski ya dukani kwenye pipa la mtoto ni sawa na kuazima mtoto wa jirani siku ya ubatizo. Kinachoingia humo ni kile tu kilichojazwa kwa ajili ya mtoto wa nyumba hiyo. Dod alirudi ghalani, na siku hiyo aligonga mapipa bila kusikia hata moja lilivyojibu.

Nyumbani Elspet aliandaa nyama ya kusaga na viazi, chakula ambacho mumewe hajawahi kukibakiza. Dod alikizungusha kwa uma. Elspet alimtazama, akachukua sahani, akairudisha jikoni, akaja akakaa mbele yake. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono myekundu ya kufua na kupika, na hana subira na watu wanaojificha.

"Haya, toa."

"Nitoe nini?"

"Dod Shiach, uliacha kula siku Rona alipong'olewa jino. Sasa kuna nini? Torquil ameghairi?"

"Hapana."

"Basi hakuna kibaya. Toa."

Alitoa. Alianza kwa arobaini, akaishia kwa surua, na katikati akapitia baiskeli, mitihani na theluji. Elspet alisikiliza mpaka mwisho. Mwanzoni mdomo wake ulikaza, halafu ukaanza kutetemeka, na Dod akadhani analia.

"Kumbe!" Elspet alikuwa akicheka, tena kicheko cha hasira. "Miaka yote hii ukirudi unanukia, nikasema haya, ni ghala. Nikakutetea kwa mama yangu. Kumbe unakunywa mahari ya mtoto kwa mrija!"

"Nilikuwa naogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kila kitu."

Kicheko kikamwisha Elspet. Alinyoosha mkono juu ya meza lakini hakumshika. Akaangalia kitambaa cha meza, na Dod akajua atasema nini, akataka kuinuka.

"Liko lile jingine," Elspet akasema.

"Usianze."

"Ni la nyumba hii. Lilijazwa kwa ajili ya mtoto wa nyumba hii. Hakuna aliyeligusa hata siku moja, kwa hiyo lina nguvu zake. Yakichanganywa pamoja, la Rona litainuka."

"Nimesema usianze, Elspet."

"Mimi sijaanza. Wewe ndiye hujamaliza." Sauti yake haikupanda. "Ni mwanangu pia."

Dod alichukua koti akatoka. Mlango hakuufunga hata mara moja.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Kabla ya Rona palikuwa na mvulana. Elspet aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, Dod, ambaye enzi hizo alikuwa kijana mchangamfu, mchezaji wa mpira na mwimbaji wa baa, alishindwa kungoja. Usiku ule ule alimbembeleza mwenye zamu, akajaza pipa kabla mtoto hajatoka, akaandika na jina walilokwisha chagua, akazunguka karakana nzima akigonganisha vikombe na kila aliyekutana naye. Mtoto akazaliwa asubuhi. Hakuimaliza wiki. Moyo, walisema hospitalini, moyo mdogo haukukamilika, na hakuna ambaye angeweza kufanya lolote.

Mji haukumwambia kitu. Lakini wazee walitazamana, na Dod aliwaona. Pipa hujazwa mtoto akishafika, halijazwi kabla. Alimwita mwanawe kwa jina, kwa maandishi, kabla hajafika, na jina lile hakulitaja tena. Hakulitaja makaburini, wala kwa Elspet, wala kwa Rona alipokua akasikia kwa watoto wenzake kwamba alikuwa na kaka. Kiwanda kilitaka kulimwaga pipa pamoja na mengine, Elspet akakataa, wakalisukuma hadi safu ya mwisho nyuma kabisa, ambako ukuta ni mweusi kwa ukungu. Dod huzigonga safu zote za ghala isipokuwa hiyo. Hiyo alimwachia Peem, na Peem hakuuliza.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Rona alipozaliwa, Dod alisimama nje ya ghala na kofia mkononi mpaka walipomhakikishia kwamba mtoto amelia, amenyonya na amelala, ndipo akakubali pipa lijazwe, tena na mkono wa mwingine. Na tangu siku hiyo ndio akawa mtu wa kufunga mlango mara tatu.

Wiki ilienda vibaya. Jumanne aliota baba yake Torquil akitema wiski juu ya shela la bi harusi. Jumatano alifikiria kuiba. Alisimama mbele ya pipa kubwa la kiwanda na ndoo mkononi, mtu ambaye hajawahi kuiba hata penseli, jasho likamtoka, akairudisha ndoo, kisha akarudi kuhakikisha kwamba ameirudisha. Alhamisi Rona alipiga simu kutoka Aberdeen.

"Baba, mama anasema huli."

"Nakula."

"Umekula nini leo?"

"Uji."

"Uji wa asubuhi? Baba, sasa ni jioni."

"Unakuja lini? Usiendeshe usiku. Watu wa redio wanasema kutakuwa na ukungu milimani."

"Nakuja kesho, mchana kweupe, na Torquil ndiye atakayeendesha."

"Torquil anaendesha haraka."

"Torquil anaendesha kama bibi yake, na bibi yake hana gari." Rona alicheka. "Baba. Pipa langu lina shida?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekuuliza wewe."

"Pipa lako halina neno," Dod akasema, na huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza aliopata kumwambia binti yake. Baada ya kukata simu alikaa na mkono juu yake kwa muda mrefu. Alijiona mtu mbaya, na hakuona njia.

Ijumaa karibu na saa sita mchana Peem alimkuta amekaa kwenye mlango wa ghala. Mvua ilikuwa imeanza, ile mvua yetu nyembamba isiyoanguka bali inayoning'inia.

"Dod, kesho ndiyo harusi."

"Najua siku zangu."

"Shemeji kaniambia habari ya lile jingine."

"Elspet ana mdomo."

"Na mimi nina nyundo mbili. Moja yako." Peem alimnyooshea. "Sikulazimishi. Lakini tukienda tukalitazama tu, halitatuuma."

Walikwenda. Dod alitembea nyuma ya Peem na tochi yake, akipita safu anazozijua kama vidole vyake, na kadiri walivyosogea nyuma ndivyo alivyopunguza hatua. Alikuwa na tumaini moja dogo, la aibu. Unyevu wa ghala letu hula chaki. Mapipa yasiyoandikwa upya hupoteza majina yao baada ya miaka michache. Alitumaini atakuta ubao mtupu, ili angalau asilazimike kulisoma.

Peem akainua tochi. Jina lilikuwepo. Lilikuwa jeupe, nene na jipya, kana kwamba limeandikwa wiki iliyopita: EWAN.

Dod akashika pipa la jirani.

"Nani amefanya hivi?" Alimgeukia Peem kwa hasira ambayo hata yeye hakujua imetoka wapi. "Wewe? Nani amekutuma?"

"Mimi hata jina langu naandika kwa shida. Tazama hizo herufi."

Dod alitazama. Zilikuwa zimelalia kushoto, zote nne. Kadi zote zilizobandikwa kwenye jokofu la nyumbani, za siku zake za kuzaliwa na za Mwaka Mpya, zimeandikwa hivyo hivyo, na mtu mmoja tu katika ukoo mzima hutumia mkono wa kushoto.

"Nilikuwa na miaka sita hivi," Rona akasema nyuma yao.

Alikuwa amesimama mwanzo wa safu, koti limelowa, nywele zimemganda usoni. Peem akajikohoza. "Nimemwita mimi. Nilichoka kukuona ukikonda. Nitakuwa pale mlangoni nahesabu matone ya mvua." Akaondoka.

Rona alikuja akasimama kando ya baba yake. "Ulinileta kazini siku ya likizo. Wewe ulikuwa unanusa pipa langu kule..."

"Uliniona?"

"Baba, nimekuona miaka yote. Nilikuwa nadhani kila baba anafanya hivyo." Akagusa ubao wa pipa. "Nikazurura nikafika hapa. Jina lilikuwa karibu kufutika. Nikamuuliza mama, mama akanieleza, akaniambia nisikuulize wewe. Sikukuuliza. Lakini niliona aibu. Langu mnaliandika upya kila mara, na yeye hana wa kumwandikia. Basi nikachukua kipande cha chaki mfukoni mwa koti lako. Kila nikija nyumbani, Mzee Peem ananifungulia."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

"Na hukuniambia!"

"Ungeogopa. Ungesema nitaanguka, au unyevu utanishika kifua." Alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Baba, nikwambie kitu na usikasirike?"

"Sema."

"Umekuwa ukiniogopea mimi kwa watu wawili. Homa zangu na zake. Barabara zangu na zake. Nakupenda, lakini nimechoka kidogo. Kesho naolewa. Mpe naye chake, mimi nibaki na changu tu."

Dod alitaka kusema kwamba haikuwa hivyo, akapekua moyoni akitafuta pa kuanzia, hakupaona. Ilikuwa hivyo hivyo. Alilia pale, mtu mzima mbele ya mtoto wake, akitoa sauti kama mlango wenye kutu, na Rona alimwacha alie bila kumpapasa. Alipomaliza alifuta uso kwa kofia.

"Niangazie," akasema.

Mapipa yetu hayafunguliwi kwa kupiga kizibo. Hupigwa mbao za upande huu na upande huu, pipa likatikisika, kizibo kikapanda chenyewe. Dod amefanya hivyo maelfu ya mara, lakini pigo lake la kwanza liliteleza na la pili likakosa nguvu. La tatu likapiga sawasawa. Akapiga upande wa pili. Kizibo kilikuwa kimekaa mahali pake tangu kabla Rona hajazaliwa na hakikutaka kutoka, akapiga tena na tena, akihema, mpaka kikaruka na kuangukia sakafu ya udongo.

Alikuwa amejiandaa kwa harufu ya kaburi. Ikaja harufu ya asali, matofaa makavu na mbao zilizokaa juani. Ilijaa safu nzima mpaka Peem akaita kutoka mlangoni, "Yesu wangu, hiyo nini?"

Peem alipima. Safari hii hakumwambia mtu akae. Arobaini na nane, alisema, na hakuongeza hata nukta ya huruma. Wakachanganya mapipa mawili mchana ule, Dod akimimina, Rona akishika faneli, Peem akikemea kila tone lililopotea. Yalipotulia wakapima tena. Ilikuwa wiski, kwa sheria na kwa haki.

Ungedhani Dod alilala usingizi usiku ule. Hakulala. Kilichobaki hakikuwa kipimo tena.

Jumamosi ukumbi wa mji ulijaa hadi madirishani. Palikuwa na mpiga fidla, watoto chini ya meza, watu wa visiwani upande mmoja na wetu upande mwingine, wanaume wote wamevaa kilti, zile sketi za kiume, na kulalamikia upepo. Pipa liliwekwa juu ya meza ya mbele. Ubao wake ulikuwa umefunikwa kitambaa, kama desturi ilivyo, maana kwetu wageni hawasomi jina la pipa, huuliza. Baba hujaza kikombe cha kwanza, akakiinua, na ukumbi mzima humpigia kelele kwa swali moja. Kwa kawaida ni mchezo. Jibu kila mtu analijua.

Dod alijaza kikombe. Kikamwagika kidogo kwenye mkono wa shati. Akakiinua.

"Pipa la nani hilo?" watu wakapiga kelele, wakigonga meza kwa ngumi. "Pipa la nani?"

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Watu wakacheka, wakadhani ni furaha ya baba, wakagonga tena kwa nguvu zaidi. Baba yake Torquil alikuwa ameielekeza pua yake ndefu kwenye pipa, akainua macho. Rona alikuwa akimtazama babaye bila kupepesa. Karibu na mlango wa jikoni Elspet alisimama na trei ya biskuti za siagi.

"La nani, Dod?" mtu mmoja akaita.

"La Rona," Dod akasema. "La Rona, na la kaka yake. La Ewan."

Meza ziliacha kugongwa. Wazee wa Dalmorran hawakutazamana, wengine waliangalia chini, na mmoja akavua kofia. Baba yake Torquil alimiminiwa, akaonja, akaishikilia wiski mdomoni, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

Elspet alikuwa ameweka trei juu ya kiti cha mtu bila kutazama kama kina mtu. Alikuja mpaka mbele akipenya katikati ya watu, mikono ingali na unga, akasimama mbele ya mumewe akimwangalia mdomo.

"Sema tena," akamwambia.

Dod akasema tena.